Nyufa Kumi na Nne na Ripoti Moja Mbaya

"Injinia, ufa huu uliupima lini?"

Swali lilikuwa dogo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa makubwa. Nilikuwa nimekesha siku mbili nikirudia hesabu za uzito wa ukuta na za uwezo wa udongo kubeba uzito huo. Nikajibu kwamba niliupima Oktoba, nikataja na tarehe. Wakili wa mdaiwa, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akauliza kwa sauti ileile:

"Na mara ya pili?"

Mara ya pili haikuwapo.

"Na mlango wa jikoni, huo uliosema unakwama. Ulimuuliza mama mwenye nyumba ulianza kukwama lini?"

"Sikumuuliza."

"Mheshimiwa, sina swali lingine."

Maswali yake ya dodoso yalichukua labda dakika tano. Ripoti yangu ilikuwa na kurasa 41.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa miaka sita, nimesimamia maghorofa kadhaa, na nilijiona mtu mzima katika kazi. Mama mmoja wa Kibaha alikuwa amemshtaki jirani yake. Jirani alichimba shimo la kuweka tangi la maji chini ya ardhi, akalichimba karibu na ukuta wa mama bila kuweka mbao wala chuma cha kuzuia udongo usiporomoke. Baada ya miezi michache nyumba ikawa na nyufa. Nilizihesabu 14. Nikapiga picha, nikachora ramani, nikarudi ofisini na kuandika sentensi ambayo hadi leo nikiikumbuka masikio yanapata joto: "Ni maoni yetu ya kitaalamu kwamba nyufa zote 14 zimesababishwa na uchimbaji uliofanywa na mdaiwa."

Maneno "maoni yetu ya kitaalamu" niliyatumia kama mhuri. Nilidhani ukishayagonga, mjadala umekwisha. Hakimu hakuona hivyo. Kwenye hukumu alisema, kwa maneno machache kuliko haya yangu, kwamba ripoti imetoa jibu bila kuonyesha ilivyolifikia, na kwa hiyo mahakama haiwezi kuitegemea. Mdai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Mama hakupata hata shilingi ya nyufa.

Tangu hapo nimeandika ripoti nyingi za aina hii, na vijana waliosajiliwa juzi hunipigia simu wakitaka "fomati". Fomati ninayo, nitawatumia. Ila siku ile kule kizimbani fomati yangu ilikuwa nzuri tu. Ilikuwa na jalada, yaliyomo na viambatisho, na nilikuwa nimeibandikia rangi ya kampuni.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwa nini niliruhusiwa kusema chochote pale. Shahidi wa kawaida hueleza alichokiona na alichokisikia. Akianza kusema "mimi nadhani", wakili anasimama. Mtaalamu ndiye anayeruhusiwa kudhani kwa sauti, na ruhusa hiyo ni ya kuazima. Sheria yetu ya Ushahidi ya Tanzania, ya mwaka 1967, inaitoa pale mahakama inapohitaji kufikia maoni juu ya jambo la sayansi au fani, na kifungu cha 48 cha sheria ya Kenya kinasema karibu vilevile, maana zote mbili zilifuata ile ya India ya 1872. Soma vizuri hapo: mahakama ndiyo inayofikia maoni, na ya kwako yanaisaidia njiani. Hakimu akishasoma ripoti yako lazima aweze kutembea mwenyewe kutoka kwenye ufa hadi kwenye jibu, akikagua kila daraja, na likiwapo bovu aweze kuliona. Ukimnyima nafasi ya kukupinga, umemnyima pia nafasi ya kukukubali.

Kesi iliyonifungua macho ni ya Scotland, nayo kwa bahati ni ya nyufa. Mwenye nyumba mmoja mjini Edinburgh aliushtaki uongozi wa jiji akidai kwamba baruti zilizotumika kuchimba njia ya mtaro wa majitaka ziliharibu jengo lake. Jiji lilileta mtaalamu wa milipuko, kisha likajenga hoja ya ajabu: kwa kuwa hakuna mtaalamu mwingine aliyempinga, mahakama inalazimika kumfuata. Mwaka 1953 Lord President Cooper, mkuu wa majaji wa Scotland, alikataa. Alisema kazi ya mtaalamu ni kumpa jaji vigezo vya kisayansi vya kupima usahihi wa hitimisho, ili jaji aunde uamuzi wake mwenyewe kwa kuvitumia kwenye ukweli uliothibitishwa. Kauli tupu ya mwanasayansi, hata awe mkubwa namna gani, haitoshi. Niliisoma usiku mmoja miezi kadhaa baada ya hukumu ya mama, nikahisi kama mtu aliyesomewa barua yake mwenyewe mbele za watu.

Wahandisi tuna historia ndefu kwenye jambo hili, na wengi wetu hatuijui. Mwaka 1782, bandari ya Wells, Norfolk, Uingereza, ilikuwa inajaa mchanga, na watu wakagombana kama sababu ni tuta lililojengwa na wenye mashamba au ni bahari yenyewe. Wakamwita mhandisi John Smeaton, yuleyule aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone. Jaji wa kwanza alikataa maoni yake, akisema ni maoni tu, hayatokani na alichokiona kikitokea. Jaji wa juu, Lord Mansfield, akaamua kwamba ni ushahidi halali, kwa sababu mtu aliyechunguza bandari na mienendo ya maji ndiye anayeweza kulisemea jambo la aina ile. Kwa hiyo ruhusa ile ya kuazima ilipata nguvu kwa mhandisi, tope na ugomvi wa majirani. Napenda kulikumbuka hili ninapokuwa nimepiga magoti kwenye shimo la majaribio, viatu vimekwisha.

Sasa turudi Kibaha, maana huko ndiko kuna somo.

Udongo wa maeneo mengi ya Kibaha ni mfinyanzi unaovimba. Ukinywa maji unatutumka, ukikauka unasinyaa. Nyumba nyepesi ya chini, yenye msingi wa futi mbili, hupandishwa na kushushwa kila mwaka kama mtumbwi uliofungwa gatini. Masika ikija, nyufa fulani hujibana. Kiangazi kikikaza, hufunguka, na milango iliyokuwa inafunga vizuri huanza kusugua fremu. Fundi yeyote wa pale anajua. Mimi nilikuwa najua pia, kwenye ukurasa wa 7 nilikuwa nimeandika aya nzima kuhusu udongo huo, halafu nikauacha hapo kama pambo. Sikuurudia kwenye hitimisho. Wakili yule mzee aliiona aya hiyo, na maswali yake yote matatu yalitoka humo. Ufa uliopimwa mara moja mwezi wa Oktoba hausemi kama unakua, umetulia, au unapumua na majira. Ni kama kumpima mtoto urefu mara moja ukatangaza kwamba anarefuka.

Kwa hiyo leo nikipewa kazi ya nyufa, kitu cha kwanza ninachomwandikia wakili ni kwamba nahitaji muda. Kila upande wa ufa napigilia pini ndogo ya chuma, napima umbali kati ya pini kwa kalipa hadi sehemu ya kumi ya milimita, na narudi. Kama kesi inaruhusu, narudi masika na kiangazi. Naandika saa, kwa sababu ukuta wa asubuhi si ukuta wa saa nane mchana. Napiga picha nikiwa nimeweka rula kando ya ufa, maana picha ya ufa isiyo na rula inaweza kuwa ya unywele au ya korongo. Naangalia ufa umepanuka juu au chini, kwa kuwa kona ya nyumba inapotitia, mara nyingi ufa huwa mpana juu na hufa kadiri unavyoshuka. Nashusha timazi kwenye kona. Nauliza maswali ya kijinga: bomba lilishavuja? Karo la choo liko wapi? Huu mwembe ulipandwa lini? Mwembe unafyonza maji mengi ardhini, na nimewahi kuuona ukiwa mshtakiwa halisi wakati watu wamemshitaki mkandarasi.

Sababu zote hizo, hata zile ninazozikataa, zinaingia kwenye ripoti. Hapa ndipo vijana hubisha. "Brother, ukiandika kwamba inaweza kuwa mwembe, si unampa adui silaha?" Silaha anayo tayari, naye ana mtaalamu wake. Tofauti ni kama hakimu atausikia mwembe kwanza kutoka kwako, pamoja na vipimo vinavyoonyesha kwa nini umeuondoa, au atausikia kutoka kwa wakili wa upande wa pili huku wewe umesimama unatoa jasho.

Jambo jingine ambalo lilinichukua miaka ni kutenganisha nilichokiona, nilichoambiwa, nilichokisia na ninachofikiri. Kwenye ripoti ya mama vyote vinne vilikuwa vimechanganywa kwenye sufuria moja. Niliandika kwamba "uchimbaji ulifanyika Machi kwa kina cha mita 3.2 bila kinga". Kina nilikipima mwenyewe. Machi niliambiwa na mama. "Bila kinga" niliambiwa na fundi wa mtaa wa pili, ambaye hakuwahi kuja kutoa ushahidi. Mahakama ikikataa maneno ya fundi, ni kitu gani kinabaki kimesimama kwenye hitimisho langu? Msomaji hakuweza kujua, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui. Siku hizi nikiambiwa jambo naandika nani kaniambia na lini, na nikilitegemea naandika wazi: kama hili si kweli, maoni yangu ya aya ya 18 yanabadilika hivi. Waingereza waliyapanga vizuri mambo haya mwaka 1993, katika kesi ya meli ya Ikarian Reefer iliyokwama pwani ya Sierra Leone na kuungua. Bima ilidai wenye meli waliiteketeza wenyewe, kesi ikawa ndefu mno, na Jaji Cresswell akaona lengo la mtaalamu mahakamani limesahaulika. Akaorodhesha wajibu wake: awe huru asisukumwe na kesi, ataje anachokitegemea, asifiche yanayompinga, aseme jambo linapokuwa nje ya fani yake. Hukumu ile hailazimishi mahakama zetu, ila wakili anayekuhoji ameisoma.

Kuhusu kutosukumwa, niseme ukweli: msukumo hauji na bunduki. Unakuja na chai. Mteja anakwita "mwanangu", unamjibu shikamoo, anakukaribisha ndani, anakuonyesha chumba ambacho mjukuu halali tena kwa hofu ya ukuta. Unatoka pale ukiwa wa upande wake, na hujagundua. Mimi ndivyo nilivyoanguka, hakuna aliyenihonga. Nilitaka mama ashinde, nikazihesabu nyufa zote 14 kuwa zake.

Msukumo mwingine huja kwa simu. Miaka miwili baadaye, kwenye kesi nyingine kabisa, wakili aliyeniajiri alipiga usiku. "Injinia, kwenye ukurasa wa 9 umeandika 'kuna uwezekano mkubwa zaidi'. Weka 'bila shaka yoyote', basi." Nikamwambia, Wakili Msomi, hii ni madai, siyo jinai. Kinachopimwa ni mizani ya uwezekano, upande gani umeelemea. Neno langu linatosha kabisa kukubeba, na lile lako siwezi kulitetea hata dakika mbili. Kimya kidogo, halafu akacheka. Alikuwa amesahau kipimo cha sheria yake mwenyewe, kwa kuwa "bila shaka" inasikika kama ushindi. Nawaruhusu wanasheria kusahihisha tarehe, majina, na pale ambapo sijajibu swali waliloniuliza. Maoni hayaguswi. Na malipo ni kwa saa au kwa kazi, yajulikane mapema. Nimeshapewa ahadi ya asilimia kumi ya fidia, na ukiikubali hiyo huna haja ya kwenda mahakamani. Umeshakuwa mdai wa pili.

Kuna jambo la lugha, na hapa nitakaa kidogo.

Ripoti ya mama niliiandika kwa Kiingereza, kama sote tulivyokuwa tukifanya. Mahakamani tuliongea Kiswahili, na hakimu aliandika kumbukumbu kwa Kiingereza, kwa mkono. Wakili wetu aliponitaka nieleze neno moja la vitabuni, lile la sehemu moja ya jengo kushuka kuliko nyingine, nilikwama. Nikasema "nyumba imekaa vibaya". Sijui hakimu aliliandika vipi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama nchini, na wenzangu wengi walinung'unika kwamba uhandisi hauandikiki kwa Kiswahili. Mimi niliona kinyume chake. Nilipoanza kuandika ripoti kwa Kiswahili niligundua ni mara ngapi Kiingereza kilikuwa kinanificha. Lile neno la vitabuni, kwa Kiswahili, linanilazimisha niseme: kona ya kusini mashariki imetitia milimita 18 kuliko kona ya kaskazini. Nikishasema hivyo, swali linalofuata linajitokeza lenyewe, umejuaje, na jibu lazima liwepo.

Na maneno yapo. Timazi, pimamaji, linta, mkanda, jamvi, zege, nondo, kutitia, kututumka, ufa wa mshazari. Mafundi wamekuwa nayo miaka yote. Pale neno halipo naeleza mara moja mwanzoni, kisha nalishikilia hilohilo hadi mwisho. Hapa fasihi ya shuleni inatuponza, tulifundishwa kwamba kurudia neno ni umaskini. Kwenye ripoti, ukiita kitu "ufa" ukurasa wa 3, "mpasuko" ukurasa wa 5 na "mwanya" ukurasa wa 8, wakili atakuuliza kama ni vitu vitatu. (Ile methali ya ufa na ukuta, tafadhali msinitumie. Nimeshataniwa nayo na kila wakili kuanzia Moshi hadi Mtwara.)

Urefu? Ripoti zangu za sasa ni kurasa 12, labda 15. Hesabu zinaenda kwenye kiambatisho. Ukurasa wa kwanza una swali nililoulizwa, kwa maneno ya barua niliyopewa, na jibu langu, ili hakimu mwenye mafaili thelathini mezani ajue anakopelekwa. Wasifu wangu ni nusu ukurasa, na unataja ninachokijua kuhusu nyufa na udongo. Tuzo ya usafi wa kampuni nimeiacha ofisini.

Mwaka 2016 nilipita Kibaha kwa shughuli nyingine, Aprili, mvua imeshika. Miguu ikanipeleka kwa mama. Nilikuwa na aibu, lakini alinipokea kama mgeni wa sikukuu, akanipikia mihogo ya nazi. Nikamwomba nizione nyufa tena. Sebuleni, upande wa lile shimo, zilikuwa vilevile, hata zimepanuka kidogo. Jikoni, mwisho mwingine wa nyumba, nilisimama nikashangaa. Nyufa nilizopiga picha Oktoba ile zilikuwa zimejifunga, huwezi kuingiza hata kadi ya simu. Mlango ulikuwa unafunga kwa kidole.

"Hizo ndizo zake," mama akasema. "Masika huwa mzima."

Akaenda chumbani, akarudi na kalenda za ukutani, zile za bure za maduka, amezikunja na kuzifunga kwa kamba ya kanga. Za miaka minne. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu kwenye visanduku vya tarehe: luku, gesi, kuku aliyetaga, nani kazaliwa. Nikaanza kufunua. Agosti 2011, "mlango jikoni umekaza". Septemba 2012, "fundi kakwangua mlango jikoni, 5,000". Shimo la jirani lilichimbwa 2013. Kuhusu sebule hapakuwa na neno lolote hadi Mei 2013, mwezi wa pili tangu shimo lichimbwe: "ufa juu ya dirisha sebuleni, kidole kinaingia".

Nikatoa daftari, nikachora pale mezani. Ukuta wa sebule uko mita 1.8 kutoka kwenye ukingo wa shimo. Ukivuta mstari wa nyuzi 45 kutoka chini ya shimo la mita 3.2, unaupita msingi wa sebule, wala hautii shaka. Jikoni kuko mita 11. Nyufa tano za sebuleni zilikuwa za jirani. Tisa zilikuwa za udongo na majira. Ripoti iliyosema tano tu, ikaambatanisha picha za kalenda na mchoro ule wa nusu ukurasa, ingekuwa na nini cha kudodoswa?

"Mama, hizi kalenda mbona hukunionyesha mwaka ule?"

Akamimina chai.

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuwa unapima."